Kayamba la Mama Lasafiri kwa Ndege

Ukunda, 2 Juni 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii, itakayokufikia kupitia simu ya Cynthia wa jirani, itakukuta goti limepoa. Mimi ni mzima. Kinachoninyima raha ni ukurasa mmoja wa masharti ambao nimeusoma hadi nauota.

Tiketi imetoka. Tarehe ishirini nitaruka kutoka Mombasa, nipitie Nairobi, hadi Perth, Australia, aliko dada Kache. Najua umeshaanza kunifungia mizigo, kwa hiyo niseme mapema. Achari ya embe haiingii katika mkoba wa mkononi. Kioevu chochote kisizidi chupa ya mililita mia moja, na achari, hata ukibisha, kwao ni kioevu. Mafuta ya nazi ni vivyo hivyo. Mbuzi ya kukunia uliyomchongea Kache itakaa tumboni mwa ndege kwa sababu ya meno yake ya chuma. Lakini betri ya kuchajia simu ni kinyume: hairuhusiwi tumboni, lazima niwe nayo mwenyewe, ili ikiwaka moto ionekane. Nimestaajabu, Baba. Kuna mtu aliyeketi akawaza kila kitu kinachoweza kukata, kuungua, kulipuka au kumwagika juu ya mawingu, kisha akakiandikia mstari wake.

Kuhusu kayamba la Mama, ondoa hofu. Kache ameishi huko miaka saba na hakuweza kuja kumzika Mama. Ameomba kitu kimoja tu: mwanawe atakapotimiza siku arobaini na kutolewa nje, atikisiwe kayamba lile lile alilotikisiwa yeye. Nimeipekua orodha yote. Hakuna ala ya muziki iliyokatazwa.

Mwanao,
Tsofa


Ramisi, 5 Juni 2024

Mwanangu Tsofa,

Marahaba. Goti hunistahi asubuhi, jioni hunitukana. Sisi wengine hatujambo. Achari nimempa Cynthia. Ameimaliza, na anasema kama hicho ni kioevu basi aletewe kingine.

Nina swali, bwana msomi. Umenieleza visu, betri na mafuta. Sasa, kayamba ni matete kwa nje tu. Ndani mna mbegu za turitsi, zile nyekundu zenye doa jeusi, ambazo mama yako Sidi alizichuma kwa mkono wake ukingoni mwa mto. Ulipokuwa mtoto nilikuchapa kwa kuzitia mdomoni, maana zina sumu. Na ukizimwaga chini, mvua ikinyesha, zinaota. Hao watu wa Australia wanasemaje juu ya mbegu?

Kayamba hilo nililishona mimi. Nipe siku mbili nilifungue, nizitoe mbegu, nitie vijiwe. Kache apate kitu cha kutikisa.

Babako,
Nzai


Ukunda, 6 Juni 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nisamehe kwa kukupinga, lakini nitakupinga.

Mbegu iliyoshonewa ndani ya ala si mbegu tena, ni sauti. Ngozi iliyowambwa juu ya ngoma hatuiiti mbuzi, wala sijasikia mpiga ngoma aliyeulizwa uwanja wa ndege kama mnyama wake amechanjwa. Ukitia vijiwe, kayamba litalia kama lori linalomwaga kokoto. Kache atajua, na atajua kwamba tumemdanganya kwa kitu pekee alichotuomba. Bora nisilipeleke kabisa.

Nitakuja Jumamosi kulichukua. Nakusihi, usiliguse.

Mwanao,
Tsofa


Ramisi, 7 Juni 2024

Tsofa,

Salamu. Njoo ulichukue. Nimelifunga kwa kanga. Sijaligusa.

Baba


Perth, 25 Juni 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama. Kache hajambo, mtoto hajambo, na baridi ya huku ina ufidhuli ambao vitabu havikuueleza.

Nianzie Mombasa. Mizigo hupita katika mashine inayoona ndani. Kijana wa ukaguzi, jina kifuani Trevor, akausimamisha mkanda ghafla.

"Boss, hebu njoo. Hii ni nini? Iko na vitu zinatembea."

"Ni kayamba. Ni ala ya muziki, na hakuna sharti lolote linalo..."

"Buda, sijakushtaki. Cheki tu."

Akanigeuzia kioo cha mashine. Baba, niliyaona matete yako yamelala sambamba kama mbavu, na katikati yake mamia ya nukta, bado zikiviringika kutafuta mahali pa kutulia. Kayamba hilo nimelisikia tangu nizaliwe, lakini ndani yake sikuwahi kupaona. Trevor akaniambia nilitikise, nikatikisa. Mama mmoja nyuma yangu, viatu mkononi, akapaza sauti: "Haya, ongeza! Ndege itangoja!"

Niliondoka pale nikijiona mshindi. Kisha, kabla ya kutua Perth, tukagawiwa kadi. Iliuliza kama nimebeba mbegu, nyasi, au kitu chochote cha mmea, na ikaonya kwamba anayeficha hutozwa faini. Hoja yangu ya ngoma na mbuzi ilikuwa nzuri sana Ukunda. Juu ya kadi ile haikuwa na mahali pa kuandikwa. Palikuwa na visanduku viwili tu. Nilishika kalamu mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Nikatia alama kwenye "ndiyo".

Afisa wa ukaguzi uwanjani Perth alikuwa mama mtu mzima mwenye glavu. Aliangaza tochi katika ufa wa matete, akaitaja turitsi kwa jina lake la kitaalamu kabla sijafungua kinywa. Akanieleza, bila ukali, kwamba mbegu chache tu zikidondoka katika nchi yao zinaweza kuwa kichaka kisichong'oleka. Nilikuwa nimesoma orodha ya vitu vinavyoogopwa na ndege. Orodha ya vitu vinavyoogopwa na ardhi sikuisoma, na wewe ndiye uliyeniuliza.

Akanipa uchaguzi: kayamba lote lichomwe, au mbegu zitolewe mbele yake hadi ya mwisho. Nikaomba nilifungue mwenyewe. Nilifumua mshono wako kuanzia pembeni. Ilichukua karibu saa nzima. Mbegu zikamiminika juu ya sinia lake, nyekundu kabisa. Halafu vikaanza kudondoka vitu ambavyo havikuwa vyekundu.

Shanga, Baba. Ndogo mno, nyeupe na za buluu. Tulizihesabu pamoja, mimi na mgeni yule: thelathini na moja. Akaiviringisha moja kiganjani, akaigonga kwa kibano.

"Hiki ni kioo," akasema. "Hakioti. Chukua zako."

Kache alikuwa akinisubiri nje. Nilimkabidhi kayamba lililopasuliwa, nikaanza kujitetea, naye hakunisikiliza. Alikuwa ameziona shanga. "Hizi zangu," akasema. "Za kiunoni. Nilizivua siku ya kuondoka nikaziacha msumarini." Akaketi pale pale juu ya sanduku langu, watu wakipita.

Tulizirudisha ndani, yeye akashona. Jana mtoto alitolewa nje, na Kache akatikisa. Sauti ni nyembamba, Baba; ni kama mvua inapoanza juu ya makuti, kabla hujaamua kuanua nguo. Jirani yao alizima mashine yake ya kukatia nyasi, akasimama tu. Nimemtumia Cynthia picha, na sauti uisikilize.

Ulisema kweli kuhusu mbegu, nami nilikosea. Nakuandikia kwa sababu kulitamka kungenishinda. Lakini nijibu: shanga zile ulizitia kwa nini?

Mwanao,
Tsofa


Ramisi, 28 Juni 2024

Mwanangu Tsofa,

Marahaba. Tunashukuru umefika. Goti liache, leo sina habari nalo.

Shanga sikuzitia mimi.

Wiki ile Kache alipoondoka, mama yako aliniomba sindano ya matete. Nikamuuliza, "Ya nini?" Akasema, "Ya kushonea." Nikaenda zangu kukata miwa. Jumapili alipolitikisa kayamba, nilisikia kitu chembamba kikipita chini ya mbegu. Mimi nimeshona makayamba miaka arobaini. Nikadhani masikio yameanza kunihama, nikaona haya kuuliza. Tangu hapo nilikisikia kila alipolishika, mpaka alipotutoka.

Cynthia amenichezea sauti uliyotuma mara sita. Ya saba amekataa, anasema chaji inaisha. Ni chenyewe. Mbegu nilizozitia mimi zimebaki kwa yule mama wa glavu. Mlichokisikia huko ni cha Sidi peke yake.

Mwambie Kache kwamba mshono wake nimeuona katika picha, na upande wa kushoto haukukaza. Aurudie.

Na wewe msomi umeniandikia afisa, mashine, jirani na nyasi zake. Mtoto alipoisikia sauti ile, alifanya nini? Hilo hukuliandika.

Babako,
Nzai