Tairi Zilizolala

Jumatatu, 7 Januari 2013
Nimeosha gari kubwa, nimekagua oili na maji ya rejeta. Ijumaa tunakwenda jangwani kwenye mahema ya familia ya mwajiri, kama kila msimu wa baridi. Nimepakia koleo, kamba ya kuvutia, maji, mablanketi. Tairi zote zimejazwa upepo kwa fundi pancha hapa mtaani kwetu, Muaither. Wafula alisimama pembeni akiniangalia. Dereva mpya, Mkenya wa Bungoma, ndio kwanza ameingia. Anapeleka watoto shule. Nyumba moja madereva wawili wa nini? Mkataba wangu unaisha Machi. Huyu bwana ananisoma.

Jumanne, 8 Januari
Nimemkuta getini akiongea na Kafili, mwajiri wetu. Waliponiona wakanyamaza. Nikamuuliza kulikoni.
"Ni stori za gari tu, mzee."
Gari lipi? Gari kubwa naendesha mimi. Simwamini hata chembe.

Jumatano, 9 Januari
Asubuhi tairi za gari kubwa zimelala. Zote nne. Hakuna pancha ya namna hiyo. Nikajaza upya, sikusema neno. Tairi laini kwenye barabara kuu, kwa mwendo anaoupenda Kafili, huchemka mpaka ikapasuka. Na watoto wamo ndani. Wa kulaumiwa nani? Dereva, yaani mimi. Mchezo nimeshauelewa.

Alhamisi, 10 Januari
Leo nimemfuma. Kachuchumaa kwenye tairi ya nyuma, anabonyeza vali kwa kijiti, upepo unatoka. Akatabasamu, ati "Nakusaidia, mzee." Kunisaidia! Nikaenda moja kwa moja kwa Kafili, nikamwambia Wafula anachezea gari, si mtu wa kuaminiwa na watoto. Tairi sikuzitaja. Ningeulizwa kwa nini jana nilinyamaza. Kafili alikuwa na wageni, hakutaka maneno mengi. Alasiri Wafula karudishwa kwa wakala wa ajira, mtaa wa Al Mansoura, na begi lake. Jumapili anapandishwa ndege kurudi kwao.
Nimejaza upepo tena. Nina furaha, sitajidanganya.

Ijumaa, 11 Januari
Ukungu tangu tulipotoka. Hata nguzo za taa hazionekani. Taa za chini, mwendo mdogo, nafasi kubwa na gari la mbele. Wengine walitupita mbio na taa zao za hazadi zikiwaka, kana kwamba hazadi ni hirizi. Kafili alinihimiza nikaze mwendo. Sikukaza.
Tukafika lami inapoishia. Hapo kila gari husimama, dereva akapunguza upepo, maana tairi ngumu huzama mchangani. Nikashuka nianze kazi. Kafili naye akashuka, akaipiga teke tairi.
"Mbona ngumu? Nilimwambia Wafula tangu Jumanne apunguze upepo kwa safari ya jangwani!"
Mtoto wa watu aliagizwa apunguze, akapunguza. Hajawahi kukanyaga jangwa. Angejuaje kwamba upepo haupunguzwi nyumbani, unapunguzwa hapa, mwisho wa lami? Kila nilipojaza, yeye akarudia, akidhani ananipunguzia kazi. Mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha. Sikumfundisha chochote, nilikuwa na kazi ya kumchunguza.
Na sikusema hapo hapo. Tumesimamisha mahema, tumewasha moto, watu wamekunywa chai, mimi naiwaza Machi, mkataba utakapoisha. Nikinyamaza, Jumapili anaondoka, nabaki dereva peke yangu. Mawazo hayo nimekaa nayo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Naona aibu kuyaandika.
Baada ya swala nikamweleza Kafili yote. Kisha akatoa simu, akaenda kuongea mbali na mahema. Sijui kuhusu Machi.

Jumatatu, 14 Januari
Wafula amerudi. Kabla ya kupeleka watoto shule alilizunguka gari lake, akapima tairi moja moja, akafungua boneti, akachungulia hadi chini ya kiti, kana kwamba kuna alichotegewa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwomba radhi.
"Hakuna shida, mzee."
Jioni nimepika wali na samaki, nikamkaribisha. Akasema ameshiba. Sufuria yake ya ugali ilikuwa juu ya jiko, maji hayajachemka.