Vipimo vya Papa Yav

Kamina, tarehe 9 mwezi wa sita

Kwa mudogo wangu mpenzi Tshala,

Kabla ya lolote nakusalimu kwa mikono miwili, na kwa tumbo langu pia, maana lenyewe njo linafika mbele yangu popote ninapokwenda. Habari za Bruxelles? Baridi imekuacha kidogo? Na yale magoti yako, bado yanalia kwa kusimama dukani siku nzima? Sisi hapa tuko. Clotilde mke wangu anakusalimu sana na anasema usisahau kula. Asubuhi za mwezi huu zina baridi hata kwetu, na mimi ninakwenda ofisini na shali yake shingoni, mzee mzima. Juzi treni ya mizigo ilipita, ya kwanza baada ya wiki mbili, na sisi makarani tulikimbilia vitabu kama watu waliokutwa wamelala. Nisikudanganye, mmoja alikuwa amelala kweli. Si lazima nimtaje.

Utashangaa kwamba yaya wako, kaka yako mkubwa, anakuandikia kwa kalamu kama enzi za shule. Nitapiga picha kila ukurasa na kukutumia kwa simu, pale karibu na poste ambako réseau, mtandao wa simu, inapatikana. Ningeweza kukupigia, lakini kwa simu utanikatiza, nami ukinikatiza nitaanza mizaha, unanijua, na mambo yenyewe yatabaki bila kusemwa. Karatasi inanilazimisha nifike mwisho. Tafadhali usiisome dukani mbele ya wateja. Nenda nyumbani, kaa chini.

Ni juu ya ile kostime, ile suti ya baba yetu, Papa.

Unakumbuka mwezi wa kwanza ulipotuma ujumbe kwamba duka lenu linawaruhusu wafanyakazi kununua nguo moja kwa bei ya ndani, na kwamba umechagua kostime ya Papa kwa sikukuu ya miaka yake hamsini ya kuimba besi kwenye kwaya. Ulitutumia na jedwali la saizi, pamoja na maelezo marefu ambayo nilimsomea Clotilde kama somo la Jumapili. Ulisema saizi za Kiitaliano si za Kifaransa. Ulisema nyumba hiyo ya mavazi inakata nguo zenye nafasi, kwa hiyo mtu achukue namba moja chini ya ile anayoizoea. Ulisema kiuno fundi anaweza kukipunguza, suruali anaweza kuikata, lakini bega likikosewa limekosewa. Ukaonya kwamba metre, ile kamba ya kupimia, isibane, ipite chini ya makwapa, na kati yake na mwili kiingie kidole kimoja tu. Nilicheka. Nilikuambia kwamba sisi watoto wa reli hatujui kuchukua namba ya chini. Yunifomu ya Papa ilikuwa inakuja mara moja kwa miaka miwili, na kila mtu pale depo alikuwa anaandikisha namba ya juu, kwa sababu ya kufua na kwa sababu ya watoto watakaoirithi. Kwenye orodha ile jina la Yav lilikuwa na namba kubwa kuliko zote. Ndiyo maana walimwita Gabarit, kama lile tao la chuma la kupimia mizigo: behewa likigusa, halipiti. Mlango wa ofisi ya mkuu wa depo Papa aliingia kwa ubavu. Hayo unayajua kuliko mimi. Ulikuwa unapanda begani kwake ukidai unaona mpaka Kabongo.

Basi Jumamosi moja nilimwita fundi Gamaliel, yule wa karibu na soko, aje ampime. Papa aliketi kitandani, akasimama, tukamvua shati. Gamaliel alizungusha metre kifuani, akaisoma, akaitazama kama kitu kilichomkosea heshima. Akaizungusha tena. Kidole chako kimoja, Tshala? Kati ya kamba na shati la ndani iliingia ngumi. Fundi akaanza kueleza kwamba metre hii ni ya zamani, imevutika, atakwenda kuleta ya mkewe. Papa akamwambia polepole kwamba metre haina kosa, avae viatu vyake aende, na asante.

Hapo ndipo ninapaswa kukuambia kitu cha kwanza. Papa anaumwa. Si malaria, si uzee. Ni tumbo. Chakula kinakataa kushuka, tangu mwezi wa kumi wa mwaka jana. Daktari alisema dawa za kumpunguzia maumivu zipo, za kumponya hakuna, na alisema hivyo mbele yake kwa sababu Papa mwenyewe alimkataza kunong'ona. Nilitaka kukupigia siku ile ile. Papa alinishika mkono. Ulikuwa unangoja karatasi zako za kuishi huko. Ulitueleza wewe mwenyewe kwamba ukitoka kabla hazijakamilika, miaka saba yote inamwagika. Kwa hiyo aliniapisha. Unajua anavyokuita mama, kwa sababu una jina la mama yake. Alisema mama asisumbuliwe mpaka apate karatasi.

Fundi alipokwenda, Papa alibaki na shati mapajani. Akaniambia, “Malachie, andika vile nilikuwa siku ile mama alienda Ulaya. Ule njo baba yeye anajua.”

Nilikubali. Tatizo likawa vipimo vyenyewe. Nani anatunza vipimo vya mtu? Yunifomu ya mwisho ilikwisha kuwa matambara ya kufutia baiskeli. Nilizunguka chumbani na ile metre shingoni kama fundi wa uongo, mpaka nikajiona kwenye kioo cha kabati. Papa alizoea kuniambia kwamba katika mali yake yote nimerithi tumbo peke yake. Nikavua shati, nikavuta pumzi, nikaona haisaidii, nikaiachia. Kifua mia moja na kumi na mbili. Kiuno mia moja na nne, na hapo nimekuwa mwema kwa nafsi yangu. Nikakutumia. Tshala, zile namba ulizozisoma ukalia kwa furaha ni za huyu yaya wako mnene, karani wa treni zisizokuja.

Kostime ilifika wiki ya Pasaka, mikononi mwa mtumishi mmoja wa kanisa aliyetoka Lubumbashi. Hapa nakuomba ucheke kidogo, kwa sababu sisi tulicheka, na Papa alicheka. Clotilde alifungua karatasi nyeupe moja baada ya nyingine, akaitoa ile nguo ya rangi ya majivu, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaanza kutafuta vifungo ndani ya kifurushi. Alidhani wameviiba njiani. Nilimweleza kwamba vifungo vimefichwa, na kwamba huko Ulaya kitu kikiwa na gharama sana kinanyamaza. Akasema hiki kimenyamaza mno. Mama Abigaïl wa kwaya aliuliza kwa heshima zote kama hiki ni kitambaa cha ndani, na kostime yenyewe inakuja lini. Gamaliel peke yake hakucheka. Aliigeuza ndani nje, akafuata mshono kwa ukucha mpaka ukampotea, akakaa nayo magotini muda mrefu. Akasema aliyeshona hii hana haja ya kusifiwa.

Papa alikuwa anataka picha ya kukutumia. Sasa sikiliza tulivyofanya. Tulimvisha mashati mawili na sweta. Koti tukalikusanya kwa nyuma, tukalibana kwa pensi, vile vibanio vya kuanikia nguo, kumi na moja nilizihesabu. Chini yake kwenye kiti tukaweka mto, na blanketi ya mtoto ikakunjwa kifuani. Mabegani, ulisema kweli, hapakuwa na la kufanya, kwa hiyo nilimwambia akunje mikono ili bega lijae. Kwaya walikuja kuimba uani kwetu kwa sababu kanisani hangefika. Ule ujumbe wangu kwamba picha ilipigwa baada ya ibada, huo nao uufute. Papa alijitahidi kuimba ubeti mmoja. Besi yake bado iko, Tshala. Sijui anaifichia wapi.

Picha ilipotoka vizuri akauliza kama mama atafurahi. Nikasema atafurahi. Akataka kusimama, hakuweza. Nilimuinua mimi peke yangu, mimi ninayehema nikifunga viatu, na nikagundua kwamba sihemi. Pensi zikaanza kufyatuka mgongoni mwake, moja, halafu nyingine, zikidondoka chini. Koti likamfunguka pande zote. Kwaya walikuwa wanatazama, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Mwisho wa mwezi ule ukatuma sauti yako. Karatasi zimetoka, Mungu asifiwe. Na ukasema kwamba ulikuwa umepanga kuja mwezi wa saba, lakini picha imekutuliza, Papa hajabadilika hata kidogo, kwa hiyo utatumia likizo kwa ile formation, yale mafunzo ya kazi ya Paris, na nyumbani utakuja mwaka ujao. Papa aliomba niirudie. Akaomba niirudie tena. Mara ya tatu aligeukia ukuta kabla haijaisha.

Sasa linakuja lile lililonifanya nichukue kalamu, na ningependa kuliruka. Katikati ya mwezi wa tano Papa aliniita akaniambia kiapo kimekwisha, kwa sababu karatasi zimepatikana, na kwamba nikuandikie ukweli siku hiyo hiyo. Nilisema ndiyo, Papa. Leo ni wiki tatu na siku kadhaa. Kila asubuhi aliniuliza kama umejibu, na mimi nilimwambia réseau ni mbaya. Mpaka Jumamosi iliyopita alikuwa anaamini kwamba unajua na kwamba hujasema kitu.

Niliogopa hasira yako. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine iko hivi: ile kostime inanikaa. Uliagiza namba moja chini kama ulivyoshauri, nayo ikanikaa mabegani kama niliyepimwa na malaika. Maishani mwangu nguo zote zilinionea, hii ikanisamehe. Niliivaa harusi ya mtoto wa jirani, nikiwa nimemdanganya Clotilde kwamba ninakwenda kuipigisha pasi. Watu waliniambia nimefanana na Papa wa zamani. Nilipenda kusikia hivyo. Nilijua kwamba nikikuandikia, utauliza namba zile zilikuwa za nani. Kwa aibu ya tumbo langu na kwa utamu wa koti, nimemwacha baba yetu akiamini kwamba binti yake amenyamaza. Hakuna fundi wa kupunguza hilo.

Jumamosi nilirudi kutoka harusini nikamkuta amekalishwa mlangoni, juani. Aliniona nimelivaa. Nikaanza kutafuta maneno. Hakunigombeza. Aliniita karibu, akanyoosha kola kama alivyokuwa akitunyoosha sisi kabla ya shule, akasema limekukaa. Kisha akauliza, “Mama hajui, eh?” Nikasema hajui. Nikaona mabega yake yanatulia, na nikaelewa kwamba kwake hiyo ilikuwa habari njema. Hukuwa umenyamaza. Ulikuwa hujaambiwa.

Jana aliomba Gamaliel aje tena, na metre ile ile. Alitaka kupimwa amesimama. Mimi nilimshika kiuno, Clotilde mkono wa kushoto. Alitaka namba zisomwe kwa sauti na aliniangalia nikiziandika. Hizi ndizo zake. Kifua sabini na tisa. Kiuno sitini na sita. Nyonga sabini na saba. Bega kwa bega, fundi alipima mara moja tu, thelathini na tisa.

Nilimuuliza kama anataka nikuombe ubadilishe saizi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, “Hapana nguo. Muambie mama akuje anipime yeye mwenyewe.”

Daktari anahesabu kwa wiki. Mimi sihesabu tena, umeona ninavyohesabu. Njoo, Tshala. Ukifika unipige kwanza, nitasimama vizuri, shabaha haikosekani. Halafu uingie chumbani. Kostime nimeifua kwa mkono na kuitundika nyuma ya mlango wake. Nimeacha kuigusa.

Wasalimie wote wanaokujua huko. Clotilde, Mama Abigaïl na kwaya nzima wanakusalimu. Papa hajui kwamba ninamaliza sasa hivi. Yuko upande wa pili wa ukuta, anajaribu besi.

Ni mimi, yaya wako asiyestahili salamu,

Malachie