Benchi lililotetemeka Msimbazi

Selina, nimetoka kwa mama sasa hivi. Amenihadithia jambo, bado siamini.

Mwaka 1983 alienda kuangalia video kwenye nyumba moja Msimbazi. Treni ikipita kwenye video, benchi walilokalia linatetemeka. Watu wakasema ni mtambo. Mama akatia shaka. Mtambo gani unakohoa?

Akainama, akainua shuka lililofunika benchi. Chini yake amelala baba, analisukuma kwa miguu.

Baba, Selina. Aliyeaga asubuhi kwamba anaenda kazini Magogoni.

"Walinipunguza kazini tangu Machi," akanong'ona. "Mgambo wakijua sina kazi watanikamata, wanirudishe kijijini."

Mama akashusha shuka, akaketi tena.

Treni ilipopita tena, benchi likatulia. Watu wakaanza kugeuka kulitazama.

Mama akalitikisa mwenyewe.