Turubai la Watu Watatu

Jumanne, Igoma

Mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana kama mimi hajazaliwa mtaa huu. Msiba wa leo nimeuendesha bila dosari.

Uongo. Mjane amenyeshewa mvua uani, kwenye mkeka, mbele ya macho yangu.

Turubai nilimwagiza Masanja. Halafu, ili nisikose, nikamwagiza na Juma, kisha na fundi baiskeli. Kila mmoja alisikia na mwenzake kaagizwa, akajua huyo ndiye atalileta. Wingu lilipotoka ziwani, tukabaki kutazamana.

Mama Kulwa, katibu wetu na mtani wangu, akaniinamia: "Shikamoo mwenyekiti. Umepanga, umegawa kazi, umeamrisha hadi kuku. Kufuatilia je?"

"Marahaba. Si ni wanaume wazima wale?"

"Wazima, ndiyo. Turubai liko wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali limenikaa moyoni. Kuamuru napenda, kunanenepesha. Kwenda kuuliza "limefika?" naona kama kuomba. Maskini yule mama, kakaa kumlilia mumewe, mimi nikamwongezea maji.

Kesho ndiyo mazishi, na wingu bado lipo. Mama Kulwa, jogoo wako alipotoroka nilimkamata mimi. Basi nilipe deni hilo: alfajiri nigongee dirisha, uniulize kama nimefuatilia.