Karatasi ya Kioo Haikuwa Yetu

Cimpunda, Kadutu
Bukavu, tarehe 9 Septemba 1984

Mupendwa Apollinaire, mujukuu yangu, bwana yangu mudogo wa Kinshasa,

Asinge, mwana wani. Uko muzima? Kile kifua cha kukohoa kinaendeleaje? Muke yako Noëlla amepata nguvu kisha kuzaa? Na ule mutoto muliyempa jina langu, ananyonya vizuri, ama iko na kichwa ngumu kama mwenye jina? Mimi nakula, nalala, naamka. Goti inauma kila mvua ikikaribia, na mvua ya Bukavu unaijua, haitoki mbali. Kwa bahasha tumekuandika Citoyen Cirhuza, mwananchi Cirhuza, sababu serikali ilikataza majina ya ubatizo. Lakini ndani ya bahasha serikali haingii. Humu wewe ni Apollinaire.

Anayeshika kalamu ni Emérence, muke ya tonton yako Polycarpe, mjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kulainisha maneno yangu.

Sasa keti. Usisome hii barua umesimama.

Gari yako imegonga mutu. Polycarpe iko mu prizo, gerezani, juma ya saba hii. Na gari haina asiransi, haina bima. Haikukuwa nayo hata siku moja.

Najua unavyosema sasa hivi. Unasema: lakini tate, bibi yangu, aliniandikia kwamba iko! Ndiyo, niliandika. Ngoja nikuelezee ile «iko» yangu ilitoka wapi.

Unakumbuka kisha sikukuu ya Noeli ulinunua ile kamyoneti kwa yule Mugiriki aliyekuwa anarudi kwao. Kioo ya mbele ilikuwa imepasuka. Ukaiacha kwa Gérard, fundi wa garaji hapa Kadutu, aweke kioo ingine, halafu ukapanda ndege ukaenda kwa kazi yako. Polycarpe alipoenda kuichukua, alikuta kioo imewekwa na karatasi ya asiransi iko mu kona, rangi ya mwaka huu. Akasema moyoni: Apollinaire ni mutu wa biro, wa ofisi, ametengeneza yote mbele ya kuenda. Na wewe kule Kinshasa ukasema: Polycarpe ndiye dereva, yeye atatengeneza. Kila mumoja aliweka muzigo kwa kichwa ya mwenzake, na muzigo ukabaki chini.

Halafu ukaniandikia mimi: «Tate, mbele gari ianze kazi, tazama kama asiransi iko sawa, sababu tonton anasahau.» Nilifurahi sana siku ile. Mutu wa Kinshasa ananipa kazi ya kutazama! Nikafunga kitambaa yangu nzuri, nikatoka. Nikatazama karatasi. Nikatazama gari ya jirani, nikaona rangi ni moja. Nikamuuliza Polycarpe: «Iko?» Akasema: «Maman, si unaiona?» Nikasema: iko. Emérence akakuandikia hivyo.

Ungalimutuma mutu anayesoma. Mimi nilitazama kama ninavyotazama mahindi sokoni, rangi na ukubwa.

Na haikuishia hapo. Nilikuwa na picha ya Bikira Maria, ile nilipewa siku ya Pasaka. Nikaibandika ndani ya kioo, kwa kona ileile, juu ya ile karatasi, ili Mama alinde pamoja na asiransi. Nje mutu anaona rangi na mwaka tu. Upande wa dereva ndipo nimero ya gari imeandikwa, na nimero ile niliifunika mimi kwa mukono yangu, na gundi ya ugali wa muhogo. Miezi sita Polycarpe aliendesha akitazamana na Bikira. Majandarme, wale askari wa barabara ya Mudaka, walikuwa wanaona rangi, wanaona picha, wanasema: «Pita, muzee.»

Tarehe kumi na saba ya mwezi wa saba alikuwa anatoka soko ya Mudaka na kabichi. Mvua ilikuwa imepiga. Kwa kona gari iliteleza kama sabuni, ikamubana mwanamuke kwa ukingo wa barabara, na kitunga yake ya viazi kwa mugongo. Jina yake ni Françoise. Iko na watoto wane. Muguu ya kuume ilivunjika pahali pawili.

Wewe unajua madereva wanafanya nini. Wanakimbia, mbele watu washike mawe. Polycarpe hakukimbia. Alimubeba yule mama kwa mikono yake, akamuweka mbele karibu yake, akamuambia bwana yake Isidore, watu wote wakisikia: «Baba, usiogope. Hii gari iko na asiransi. Itamutunza muke yako mpaka atembee.» Akaonyesha kona ya kioo. Watu wakaweka mawe chini. Ile karatasi ndiyo iliyomuokoa siku ile, na ile karatasi ndiyo imemufunga.

Kwa biro ya asiransi waliomba nimero. Emérence akaenda kwa yadi ya majandarme, akalowesha picha na maji, akaikwangua na wembe. Mimi nilisimama pembeni nikiomba radhi kwa Bikira sababu ya kumukwangua uso. Emérence akasoma. Akaenda mbele ya gari, akasoma plaki, kile chuma cha nimero. Akarudi, akasoma tena. Halafu akasema polepole: «Maman, hii si nimero yetu.»

Nilimuambia asome vizuri. Akasoma kwa sauti, na kidole. Hata mimi, nisiyejua hata a, niliona michoro haifanani.

Kioo ilikuwa ya gari ingine, mwana wani. Gari kama yako, iliyoanguka mu mabonde ya Ngomo mwanzo wa mwaka huu na mwenye nayo akafa palepale. Alikuwa amekata asiransi ya mwaka muzima. Gérard alinunua kioo na ilikuja na karatasi yake. Kwa biro kijana mumoja wa abakosi, ile suti ya serikali, alifungua kitabu akatuonyesha: ile gari iko humo mpaka mwezi wa kumi na mbili, haina deni, haina kosa. Yetu haimo. Nikamuuliza: «Mwanangu, kwa hiyo gari iliyokufa inalindwa, na inayotembea hapana?» Akasema: «Citoyenne, ndivyo ilivyoandikwa.» Hakunitukana. Alifunga kitabu polepole, na hapo ndipo nilijua imekwisha.

Sasa juji, yule hakimu, anasema Polycarpe alibandika karatasi ya mutu mwingine makusudi, alidanganya serikali. Mutu mumoja tu angeweza kusema ukweli, ni Gérard. Nilienda kwake mara tatu. Mara ya tatu akaniambia: «Maman, mimi niliuza kioo. Sikuuza karatasi.» Nikamuambia muke yake amuwekee chumvi kidogo kwa chakula, sababu moyo yake imeoza. Alicheka, lakini hakuja kwa juji. Anaogopa, na mimi namuelewa, na bado ninamukasirikia.

Tulibeba kasiksi kwa Isidore, mitungi miwili ya pombe nzuri ya ndizi, kama inavyofaa kuomba musamaha. Wazee wetu wakaketi, wazee wao wakaketi. Hakuna aliyetia murija. Isidore akasema: «Mutoto wenu alisema uongo mbele ya muke yangu anayetoka damu.» Tulirudi mikono mitupu, pombe tuliiacha uani, kwa lupango yake. Nasikia ilichacha palepale, hata nguruwe hawakupewa.

Françoise mwenyewe ananipokea. Kila siku napanda hospitali na ugali na sombe ya majani ya muhogo, goti au hapana goti. Mama mukwe wake anageuza uso kwa ukuta nikiingia. Siku niliyomuelezea habari ya kioo, Françoise alinitazama sana, halafu akasema: «Kumbe mimi niligongwa na marehemu! Basi tate, umuombe yeye anilipie.» Akacheka mpaka akalia. Mimi nililia bila kucheka.

Muguu haikupona. Imekuwa nyeusi. Daktari amesema ataikata Alhamisi. Mutu wa Mudaka bila muguu, na kitunga, na ile milima, unaona mwenyewe.

Gari usiulize. Iko kwa yadi ya majandarme. Juma ya kwanza ilikuwa na magurudumu mane. Sasa iko juu ya mawe. Ile kioo peke yake ndiyo muzima.

Ninakuomba jambo moja, na sikuombi kwa upole. Andika kwa juji. Andika kwamba gari ni yako, kwamba uliiacha kwa Gérard na kioo iliyopasuka na bila asiransi, na kwamba hukuuliza mwenyewe, ulimuachia mwanamuke muzee asiyesoma. Usiandike kwamba hukujua. Tena usitafute mukubwa wa Kinshasa wa kupigia simu. Andika ukweli na utie jina lako, lile la serikali. Najua inaweza kukuvuta wewe pia. Nimelala nayo hiyo, nimeamka nayo. Polycarpe ni mutoto wangu na wewe ni mutoto wa mutoto wangu. Sina mukono wa kukata.

Sisemi kwamba barua itamutoa. Avoka, yule mwanasheria wa parokia, anasema tumechelewa. Lakini Polycarpe aliniambia kupitia kwa chuma za prizo: «Maman, kufungwa nitavumilia. Lakini yule Isidore anafikiri nilimudanganya.» Hicho tu ndicho anataka. Isidore ajue kwamba alisema kitu alichokiamini. Barua yako nitamusomesha Isidore, hata akinifukuza.

Emérence analia juu ya karatasi, ndiyo maana wino imekimbia hapa. Muniwie radhi wote wawili, wewe na yeye.

Musalimie Noëlla, umubebe ule mwenye jina langu umuambie asiwe na haraka ya kujua kutazama, ajue kwanza kusoma. Musalimie dada yako Marie-Louise akipita. Muzee Lucien, ndugu ya babu yako, anakusalimia, na watoto wa Polycarpe wanauliza kama gari yako ya Kinshasa ni kubwa kuliko ya huku.

Hiyo ya Kinshasa nayo. Ukimaliza kusoma, shuka uende kwa gari yako. Usitazame rangi. Soma nimero ya karatasi, soma nimero ya plaki, moja kwa moja, na kidole, kama Emérence. Wewe tulikupeleka masomoni.

Nyamuzinda, Mungu wetu, akulinde njiani na nyumbani, na akupe macho.

Mimi tate yako, mama ya mama yako, nikupendaye hata ninapokugombeza. Hii alama ya wino chini ni kidole changu.