Ile Kiti ya Mufupa ndani ya Kichwa ya Nasra

Makiso, Kisangani
Tarehe 9 mwezi ya sita 2024

Mupendwa ndugu yangu Hamadi,

Nakusalimia sana, hata kama roho yangu inachemuka. Bwana yangu papa Nassoro anakusalimia. Mugongo inamuuma, lakini anaswali na anakula. Watoto pia: Aïcha anakusalimia, iko anashona. Issa anakusalimia, anabeba mizigo kule uwanja wa ndege ya Bangboka. Nasra, mutoto wangu na wako, anakusalimia pia. Wewe na watu wa nyumba yako hapo Basoko, muko namna gani? Samaki inapatikana?

Nakuandikia sababu nikipiga simu unanikata.

Hamadi, umekosa! Wakati maziwa ilitoka kwa matiti ya Nasra na hana mimba, mama mukwe wake alisema ametoa mimba kwa siri. Wakamurudisha kwangu kama sufuria iliyotoboka. Bon, wale ni watu wa inje. Lakini wewe, noko yake, ndugu ya mama yake, ulisema mbele ya watu: "Macho yake isinione tena." Ulimuuliza hata neno moja?

Docteur Joëlle alipiga picha ya kichwa, akanionyesha. Katikati, nyuma ya pua, kuna kiti ndogo ya mufupa. Wanaiita selle turcique, tandiko ya farasi ya Waturuki. Nikamuambia, "Docteur, mimi farasi sijui." Akacheka: "Basi mama, kiti ya toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria." Juu yake kunakaa kitu kama haragi, ndiyo inaamuru maziwa na damu ya mwezi. Ya Nasra imevimba. Kiti imepanuka, na ule abiria munene sasa anakandamiza mishipa ya macho iliyo juu yake. Ndiyo maana Nasra anagonga milango, haoni tena pembeni. Mimba iko wapi? Zambi iko wapi?

Dawa iko. Docteur anasema kwa watu wengi inapunguza uvimbe. Ikishindwa, watapasua kwa njia ya pua. Lakini Nasra anakataa kumeza. Anasema ni neno yako inafunga macho yake, na dawa juu ya laana ya noko ni sumu. Nimemubembeleza, nimemutukana, nimelia. Hamezi! Na wewe ndiye ulimushika mukono akajifunza kutembea.

Salimia muke wako na mutoto wenu Merdi. Mungu alinde mutumbwi yenu.

Papa Guelord wa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, atakupa barua hii mukononi. Usijibu na barua, itachelewa. Kamata maji kinywani, tema chini kama wazee wetu, kisha piga simu, ondoa neno yako, Nasra asikie sauti yako mwenyewe. Simu iko karibu yake, na dawa, na maji kwenye kopo. Piga simu mbio, Hamadi.

Dada yako anayekukasirikia na kukupenda,
Aziza