Makadamia Moja Kati ya L na R

Kinoru, Meru

Mama, macho ya mjukuu wako Lilian hayatapona. Daktari amesema mwanga utaendelea kupungua hadi uishe wote, na hakuna miwani wala upasuaji wa kumsaidia.

Nimeandika hiyo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hapo hapo kwa salamu. Si unajua vile nimekuwa nikikupigia simu, nauliza mvua, nauliza mbuzi, halafu nasema salio linakatika. Salio halikuwa na shida. Ni mimi nilikuwa nakatika.

Nyaga ndugu yangu, wewe ndiye unamsomea Mama, kwa hivyo simama hapo kidogo, mpe maji, ndio uendelee. Na usiruke mahali pagumu. Nakujua, hata shuleni ulikuwa unaruka.

Sasa niwasalimu. Mama, hujambo? Goti lako limepata nafuu, au bado unapanda ule mlima wa maji ukilishikilia? Ndengu zimetoa maua? Huku Kinoru tunaamka na tunalala. Baba Lilian bado ni fundi wa mbao, na mimi bado nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari karibu na uwanja. Nikisema hakuna mayai Meru yote yanashinda yangu sijisifu, waulize watu wa boda boda, wao hupita wengine wote kunifikia. Naandika Kiswahili kwa sababu Kimbeere chetu nakiongea tu, hakuna mtu aliwahi kunifundisha kukiandika. Lakini Kiswahili, hata kama niliishia darasa la nane, mwandiko wangu ulikuwa unaonyeshwa wengine.

Wacha nikueleze vile mambo yalikuja.

Zile ndengu ulitutumia wakati wa mavuno, Mama, nusu yake hatukukula. Usikasirike, zilienda nasari, shuleni kwa Lilian. Mwalimu wa Lilian anaitwa Kendi, msichana wa huku huku Meru, na yeye hafundishi kwa kuimba tu vile sisi tulifundishwa, jicho moja kwa ubao na lingine kwa fimbo. Yeye anataka mtoto aishike herufi. Anachora B kubwa kwa katoni, mtoto anapaka gundi na kupanga ndengu juu ya mstari mpaka B inasimama. S wanaifanya na kamba ya katani. O wanaifinyanga kwa udongo na kuianika. Siku nyingine anamwaga unga kwa sinia, mtoto anaandika na kidole, akikosea anatikisa sinia na kosa linapotea. Siku nyingine anachora M ndefu chini kwa jivu, watoto wanavua viatu na kutembea juu yake wakipanda na kushuka. Mimi nilipoona hiyo mara ya kwanza nilifikiri ni mchezo wa kupoteza wakati. Kumbe mtoto anarudi nyumbani herufi ziko ndani ya miguu.

Na kuna mfuko. Baba Lilian alichonga herufi zote kwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, akazipiga msasa hadi zikateleza, akampelekea Mwalimu Kendi bure. Kendi anaziweka kwa mfuko wa kitambaa. Mtoto anaingiza mkono, anashika moja, anataja jina lake kabla ya kuitoa. Mama, katika huo mfuko hakuna mtoto alikuwa anamshinda Lilian. Hakuna. Wengine wanapapasa, wanakisia, yeye anaingiza mkono na kusema K, na ni K. Nilijisifu, sitaficha. Kila mteja aliyesimama kula yai alilila na habari za Lilian. Kuna mwingine aliniambia, Mama Lilian, hii kachumbari yako siku hizi ina chumvi na alfabeti.

Basi jioni moja Mwalimu Kendi akapitia kwa meza yangu. Lilian alikuwa ameketi kwa kreti kando yangu. Nikajua anakuja kumsifu, nikamchagulia yai kubwa. Akaniambia hivi: "Mama Lilian, wale wengine wote wanachungulia kwa mfuko. Lilian hachungulii. Hata nikiuacha wazi kabisa, hachungulii."

Nikamwambia ni heshima, huyo nimemlea mimi.

Alichukua lile yai nililompa, akalipeleka polepole kando ya uso wa Lilian, karibu na sikio. Lilian hakugeuka. Akalisogeza hadi karibu na shavu. Hakugeuka. Ni lilipofika mbele ya pua ndipo mtoto akacheka na kusema, yai. Mama, nilikuwa na kisu cha kukata nyanya mkononi na sikumbuki nilikiweka wapi.

Ndipo nikaelewa kwa nini jioni alikuwa anagonga stuli na mlango, na sisi tunasema ni mtoto wa haraka.

Hospitali walimwangalia siku nzima. Daktari alisema ugonjwa uko nyuma ya jicho, alizaliwa nao, hakuna mtu aliufanya. Kwa sasa Lilian anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ukuta, mbele tu, na mchana tu, na hilo tundu linazibika pole pole. Nikauliza litaziba lini. Akasema hawezi kunidanganya na tarehe. Baba Lilian alimbeba mtoto kutoka pale hadi nyumbani, na Lilian anajua kutembea, na alikuwa anamwambia, Baba niweke chini, na yeye hakumweka.

Sasa Mama, nisikilize na roho yako. Nilipokudokezea kwamba macho yake yana shida na kuna shule ya bweni, ulisema nimlete kwako Ishiara, atakaa na wewe jikoni akichambua ndengu, na mtoto asiyeona hapelekwi kulala kwa watu. Najua ni mapenzi. Najua mkono wako haungemwacha ahisi njaa wala baridi. Lakini mtoto ambaye alikuwa anamaliza mfuko wote wa herufi, nimkalishe jikoni hadi azeeke? Siwezi, Mama. Nimelia juu ya hiyo kuliko nilivyolia juu ya macho yenyewe.

Mwalimu Kendi ndiye alitupeleka shule ya watoto wasioona. Watoto wanalala huko. Mimi nilijipanga kama mtu anayeenda kuposa, nikabeba katoni nzima ya herufi zake za ndengu ili waone ni mtoto wa aina gani wanaletewa. Mwalimu aliyetupokea ni mama mkubwa kidogo kuliko mimi, na yeye mwenyewe haoni. Akazipitishia vidole moja moja, akazitaja zote, akasema ni kazi safi. Mimi nimevimba kichwa. Halafu akasema, lakini Mama, hapa hatusomi kwa hizi. Hapa tunasoma kwa nukta sita.

Nikahisi kama mtu amemwaga sufuria. Herufi zote alizotembea juu yake, zote alizofinyanga, mtoto aanze upya kama hajawahi kujua kitu. Nililia pale mbele yake na nikashukuru Mungu haoni, kumbe machozi yana sauti. Akaniambia kuna kitambaa kwa droo ya kushoto. Halafu akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia mayai. Akacheka sana, akasema basi wewe ndiwe mzazi niliyekuwa nikimtafuta, una trei.

Hivi ndivyo inafanywa, na Nyaga ukiweza fanya hapo hapo Mama aone. Chukua trei ya mayai, kata mashimo sita, matatu ya kushuka upande huu na matatu ya kushuka upande ule. Hiyo ni nyumba ya herufi moja. Sisi tunaweka makadamia kwa sababu huku hazikosi na zinakaa vizuri kwa shimo. Makadamia moja juu kushoto, hiyo ni A. Ukiongeza ya chini yake, ni B. Ukijaza mashimo yote matatu ya kushoto, hiyo ni L. Mtoto anapapasa, anasoma. Baadaye nukta zinakuwa ndogo za karatasi, lakini mkono unaanza na kubwa. Na zile herufi zake za kwanza hazikupotea bure, mwalimu alisema mkono wake tayari una subira ya kusikiliza kitu. Mama, Lilian alizimaliza hizo za nukta zote kabla mimi sijafika N. Mimi mama yake, mwenye macho mawili.

Tuliporudi huko mara ya pili akaambiwa aandike jina lake. Akapangiwa vipande vya trei mezani kwa mstari. Mimi nimesimama nyuma, nimeshika shati la Baba Lilian. Akajaza tatu za kushoto, L, nikataka kupiga makofi. Halafu akaongeza moja, ile ya katikati upande wa kulia. Hiyo sasa si L tena. Hiyo ni R. Akaendelea hadi mwisho bila wasiwasi, akaketi vizuri, amemaliza. Ameandika Ririani.

Mwalimu akazipitishia vidole, akamuuliza pole, nani anakuita hivi? Akasema, Cucu, yaani wewe bibi yake. Na Baba. Na Mama. Na watu wote.

Nikasema kwamba mimi humwita Ririani vizuri kabisa. Hata Baba Lilian alicheka, na hakuwa amecheka tangu hospitali. Lakini yule mwalimu hakucheka. Alisema, "Mama, wewe unaona jina limeandikwa, kwako kosa ni la mdomo tu. Huyu hatakuwa na mahali pengine pa kuliona. Vile atasikia ndivyo ataandika."

Mama, hilo neno lilinikata. Sisi watu wa huku tangu zamani tunacheza na hizo herufi mbili, tunachekwa Nairobi, tunacheka pia, maisha yanaendelea. Hakuna siku nilijua ulimi wangu unaweza kumwibia mtoto jina. Kati ya L na R kuna makadamia moja tu, na hiyo moja ni sisi tulimwekea.

Basi nyumbani kwetu siku hizi ni shule. Ulimi juu, nyuma ya meno: lala, lima, leta, Lilian. Baba Lilian akiomba uji asubuhi akasema wa urezi, mtoto anamwambia, "Baba, umeongeza makadamia," na hapewi kikombe hadi aseme ulezi. Fundi mzima, anasimama na kikombe akisema ulezi, ulezi, ulezi. Mama, na wewe jaribu. Najua utasema umezeeka. Jaribu tu ukiwa peke yako na kuku. Nyaga, wewe hata usimcheke, wewe ndiwe uliye mbaya zaidi, nimesikia ukisoma Biblia.

Jumatatu anaingia shule. Nimemshonea jina kwa sweta, kwa blanketi, kwa taulo, na uzi mnene ili alipate kwa vidole. Sanduku liko karibu na mlango na mimi nalizunguka kama kuna nyoka.

Kuna jambo moja bado, na ndilo lilinifanya nitafute kalamu. Juzi mchana nilikuwa nimeketi kwa mlango nikichambua dania. Lilian akaja akanisimamia mbele, karibu sana, akaweka mikono yake miwili kwa uso wangu. Alianza juu. Akapita kwa nyusi, kwa lile kovu la jembe, kwa pua, kwa mdomo, akishika na kuangalia, akishika na kuangalia, vile alikuwa anafanya na herufi za ndengu. Halafu akasema, "Mama, wewe nimekumaliza. Baba pia nimemmaliza. Cucu bado."

Mtoto anatusoma, Mama. Hakuna aliyemwambia. Anatuweka mahali pa kutukumbuka kabla mwanga haujaisha, mmoja mmoja, na wewe bado hajakusoma.

Kwa hivyo sikuombi ruhusa ya shule. Ukija na ukiwa bado una hasira, nitazipokea zote nikiwa nimepiga magoti, lakini Jumatatu ataenda. Ninachoomba ni uso wako. Vaa ile lesso ya manjano, anaona manjano vizuri kuliko rangi zote. Usikae pembeni, pembeni hakuoni. Simama mbele yake, kwa jua, na umwachie mikono yake afanye kazi. Usimlilie kabla hajamaliza, uso ukikunjamana atakusoma vibaya.

Nisalimie shangazi Igoki wa maembe pale sokoni, na umwambie afunge meza siku moja, maembe hayatatoroka. Nisalimie mjomba Njue, mzee wa kanisa, aje na zile ndevu zake, mtoto alizipenda. Nisalimie mke wa Nyaga na umwambie shati alilomshonea Lilian bado linamtosha. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyenikata kitovu, yeye hata kama ni wa kubebwa, mbebeni. Barua hii nimempa mama wa soko anayekuja huko kuchukua maembe, na ameapa itafika mkononi mwako.

Kitu cha kula nitapika mimi, msije na mzigo. Njooni na nyuso tu.

Ni mimi binti yako, Wawira, mama yake Lilian.

Tunawangoja nyote Jumamosi hii, mchana, jua likiwa bado juu.